Kiota Kando ya Njia

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:6–7



Katikati ya amri nzito za Musa imo moja ndogo ambayo wahubiri wengi tunairuka. Inamhusu mtu aliye njiani. Akikuta kiota, kiwe mtini au chini, na mama amelalia mayai au makinda, asimchukue mama pamoja na wanawe. Amwache mama aende zake. Kisha hufuata ahadi ya heri na siku nyingi, ahadi ileile waliyopewa wanaowaheshimu baba na mama. Mungu ameiweka heshima kwa wazazi na huruma kwa ndege chini ya baraka moja.

Sisi wa Tabora ni watu wa njiani tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa kwetu, kisha ikashika njia ya Ujiji, ikilipa hongo na kuvushwa Malagarasi kwa mitumbwi. Hata Injili ilipita humo: Wamisionari wa Afrika waliondoka Bagamoyo mwaka 1878, na mwanzoni mwa 1879 baadhi yao wakafika Ujiji. Lakini njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, ikapitisha na pembe za ndovu zilizochukuliwa bila kuhesabu mama wala mtoto. Ndovu wa karibu walipopungua, wafanyabiashara akina Tippu Tip walizidi kusogea magharibi, hadi Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hayo ndiyo matunda ya kusafiri bila amri ya kiota.

Lakini viota bado viko kando ya njia hiyo: katika mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi anaishi bado korongo nyangumi. Ni ndege wa kijivu, mrefu kupita mita moja, mwenye mdomo mpana unaoishia kwa ndoana. Anayetaka kumwona huingia kwa mtumbwi na kunyamaza, maana ndege huyu husimama kitambo kirefu bila kutikisika, akimvizia kamongo. Maji yakianza kushuka, hujenga kiota juu ya majani yanayoelea kati ya mafunjo. Mara nyingi hutaga mayai mawili, na kwa kawaida kinda mmoja tu ndiye anayekua. Jua likiwa kali, mzazi huchota maji kwa mdomo na kuwamwagia watoto. Duniani kote inakadiriwa wamebaki kati ya 5,000 na 8,000.

Tutamlindaje? Kuna nchi zilizochagua kuwalinda ndege wao kwa uzio. Nchini New Zealand ndege wa asili walizoea kuishi bila panya, paka wala kicheche. Watu walipowaleta wanyama hao, aina nyingi za ndege zikatoweka. Mwaka 1999 mji wa Wellington ukakamilisha uzio wa kilomita 8.6 kuzunguka bonde zima, wenye wavu mwembamba wa kumzuia hata panya. Leo watu wanaingia humo kuwatazama ndege ambao wazee wao hawakuwahi kuwaona pale. Namshukuru Mungu kwa kazi hiyo.

Kwetu haiwezekani. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, ina kilomita za mraba 32,500. Hakuna wavu wa kuizungushia. Tena anayekitishia kiota zaidi ni binadamu: kwa moto wa kiangazi unaoteketeza mafunjo, kwa makundi ya ng'ombe yanayofuata maji, kwa mkono unaochukua kinda ili auzwe ng'ambo. Kwa hiyo uzio wa korongo huyu ni amri ya Mungu ikikaa ndani ya mtu. Bangweulu, nchini Zambia, wanavijiji wanaoishi kando ya bwawa ndio wanaolinda viota vya ndege huyuhuyu. Wameonyesha kwamba inawezekana.

Warina asali wetu wa miombo wanaijua amri hii kwa vitendo. Mrina mwema huacha masega yenye majana, wala hachomi kundi zima la nyuki, na mwakani hurudi akakuta asali. Huyo ametwaa riziki yake na kumwachia mama wa kesho. Mungu hakatazi kuchukua, anakataza kumaliza.

Ndugu yangu mfugaji, juma hili kabla hujawasha kiberiti kando ya bwawa, fikiri nani amelalia mayai humo. Mvuvi, ukiletewa fedha ya kinda, ikatae na uwaonye wenzako. Mkulima wa tumbaku, kwa kila mti ulioingia kuwa kuni katika bani lako la kukaushia, panda mwingine na uutunze hadi usimame. Wazazi, wafundisheni watoto amri hii pamoja na ile ya kuwaheshimu ninyi, kwa kuwa Mungu amezipa ahadi moja. Awajalieni nguvu ya kuishika. Amina.