Mwuguzi na Siri ya Damu

Chukua mfano huu, ndugu msomaji. Katika mtaa wa Nyalukemba, pale Bukavu kando ya ziwa Kivu, yuko mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Usiku aanza kulia. Kulipokucha mama yake aona viganja na nyayo zake zimevimba, wala hakuna alama ya kuanguka wala ya kuumwa na mdudu. Ni mara ya tatu mwaka huu, na weupe wa macho yake umegeuka manjano. Bibi yake mzaa baba asimama mlangoni, anena neno ambalo mama ameshalisikia: katika ukoo wetu ugonjwa huu haukuwako, wewe umetuletea. Jirani aongeza kwamba pengine mtoto amelogwa, ama yeye mwenyewe ndiye mchawi. Baba anyamaza. Basi mama amfunga mtoto mgongoni, aenda hospitali.

Neno la bibi si jipya. Injili ya Yohane, katika sura ya tisa, yasimulia jinsi wanafunzi walivyomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua kosa ni la nani, lake au la wazazi wake. Bwana hakumtaja mkosaji hata mmoja. Wakatekumeni husomewa habari hiyo katika Kwaresima, wanapokaribia ubatizo. Lakini mama mwenye mtoto anayelia hatosheki kuambiwa kwamba hakuna mkosaji. Atauliza, na ana haki ya kuuliza: kama si kosa la mtu, ugonjwa umetoka wapi? Na hospitalini mtu atakayekaa naye hata aelewe, mara nyingi si daktari. Ni mwuguzi, yule ambaye watu wengi wa hapa humwita muganga tu.

Ugonjwa wenyewe huitwa selimundu. Waganga wa Kongo huuita drepanositozi, na watu wengi husema SS. Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima ni za mviringo, nazo hupita kwa urahisi katika mishipa myembamba. Za mgonjwa huyu hujikunja mfano wa mundu, zikashikana na kuziba njia. Ndipo mifupa huuma na viganja huvimba. Tena hufa upesi. Chembe nzima huishi siku 120 hivi, bali hizo huishi siku 10 au 20 tu, na kwa sababu hiyo mtoto hupungukiwa damu. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika juu ya chembe hizo alizoziona katika damu ya mwanafunzi mmoja kutoka visiwa vya Karibi. Mwaka 1949 ikaonekana wazi kwamba ugonjwa huo hurithiwa kwa baba na mama pamoja, si kwa mmoja.

Na njia ya urithi ilikuwa imekwisha kuchunguzwa zamani na mtawa. Gregor Mendel, padri wa shirika la Mtakatifu Augustino, alipanda njegere katika bustani ya monasteri huko Brno, akazihesabu miaka mingi, akachapisha aliyoyaona mwaka 1866. Hakuna aliyemsikiliza sana. Alikufa mwaka 1884, na wataalamu wakaja kumtambua mwaka 1900 tu.

Hesabu yake yaweza kufanywa kwa maharage. Chukua vibuyu viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Katika kila kibuyu tia harage moja jeupe na moja jekundu. Jeupe ni urithi mzima, jekundu ni urithi wa selimundu. Fumba macho, toa harage moja katika kila kibuyu. Ukipata meupe mawili, mtoto ni mzima, na karatasi ya maabara itaandikwa AA. Ukipata moja la kila rangi, mtoto ataishi kama watu wengine, ila naye amebeba harage jekundu: huyo ni AS. Ukipata mekundu mawili, huyo ndiye SS. Rudisha maharage yako, toa tena na tena. Mekundu mawili yatatokea kama mara moja katika kila mara nne. Wazazi wengine hudhani kwamba mmoja akiisha kuugua, watatu watakaofuata watakuwa wazima. Sivyo. Kibuyu hakikumbuki kilichotolewa jana.

Tazama sasa jinsi maharage hayo yanavyomjibu bibi mlangoni. Mtoto hawi SS kwa urithi wa mama peke yake. Tena ukoo waweza kubeba harage jekundu vizazi vingi bila mgonjwa hata mmoja, hata siku wakutane wawili walio nalo. Wala si aibu ya kabila fulani. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi katika Kenya na Uganda, alionyesha kwamba mtoto mwenye harage moja tu jekundu hukingwa kwa kiasi na malaria kali. Ndiyo sababu urithi huo umeenea zaidi penye mbu wengi kuliko kwenye milima ya baridi. Na kwa Waamba wa Bundibugyo, huko Uganda karibu na mpaka wa Kongo, ulionekana kwa watu wengi kuliko karibu mahali pote duniani. Huko Kinshasa daktari Léon Tshilolo na wenzake walipima watoto wachanga 31,204. Habari yao ilichapishwa mwaka 2009: katika kila 100, mmoja na zaidi alikuwa SS, na karibu 17 walikuwa AS. Kitu kilichowakinga mababu na homa ndicho leo chamliza mjukuu.

Kumtunza mtoto wa namna hii si kazi ya mtu mmoja. Daktari aamua dawa. Mtu wa maabara asoma damu. Mwenye kutunza dawa apima vidonge vya haidroksiurea, ambavyo uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba vyawafaa watoto wa Afrika. Kinshasa ilikuwa mojawapo ya mahali pale pane palipofanyiwa uchunguzi huo, pamoja na Kilifi ya Kenya, Mbale ya Uganda na Luanda ya Angola. Mwalimu wa shule apaswa kujua kwamba mtoto asikatazwe kunywa maji darasani. Lakini hao wote humwona mtoto kipande kipande. Mwuguzi ndiye amjuaye mzima: nyumba anamolala, nani ampikia, nani amlaumu mama yake. Ndiye akumbushaye penisilini ya kila siku hata mtoto afike miaka mitano, na chandarua, na nguo ya kumkinga na baridi ya mvua za Bukavu. Basi, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye mengi, majaribu makubwa yampata yeye.

Rudi kwenye mfano. Daktari ameagiza damu ya mtoto, ya mama na ya baba ipimwe. Karatasi zarudi. Mtoto ni SS. Mama ni AS. Baba ni AA.

Hata mtoto wa shule ya msingi, akiwa na vibuyu vyake, aweza kuona shida iliyopo. Baba hana harage jekundu. Hilo la pili limetoka wapi? Na nje mlangoni baba mwenyewe anangoja, ana kofia mkononi. Je, mwuguzi amelazimika kumwambia mtu yote ambayo damu imemwonyesha?

Wako watakaosema: nyumba ya watu isivunjwe kwa ajili ya karatasi, mwuguzi aandike tu kwamba baba ni AS. Shauri hilo laonekana la huruma, kumbe ni uongo, na uongo wa damu haukai mahali pamoja. Baba huyo atawaambia ndugu zake kwamba urithi umo katika ukoo, nao wataogopa bure. Kesho daktari mwingine ataisoma fishi hiyo na kuamua kwa kuiamini. Amri ya nane haikuweka kando fishi za hospitali.

Wengine watasema kinyume: ukweli ni ukweli, mwanamume aambiwe. Hapo yafaa kwenda polepole. Kusema uongo na kunyamaza si kitu kimoja. Kila mkatekumeni ajua kwamba padri hafunui kamwe aliyoyasikia katika maungamo, wala hakuna amwitaye mwongo kwa hiyo. Siri ya mwuguzi si sakramenti, lakini yafanana nayo kwa jambo moja: mtu ametoa mkono wake uchomwe sindano kwa kuamini kwamba kitakachoonekana kitatumika kwa ajili ya kuponya. Damu ya mama ilitolewa kwa ajili ya mtoto. Haikutolewa iwe shahidi barazani.

Kabla ya hayo yote, mwuguzi ajihoji mwenyewe: je, najua kweli, ama nadhani? Maana chupa mbili zaweza kubadilishwa majina asubuhi yenye wagonjwa wengi. Kile kipimo cha zamani cha kutazama chembe zikijikunja chini ya hadubini hakimtofautishi AS na SS. Tena iko kasoro nyingine ya damu, talasemia, ambayo kipimo chepesi chaweza kutoiona: baba aliye nayo huonekana AA, na mtoto aliyerithi selimundu kwa mama na talasemia kwa baba huonekana kama SS. Ni nadra, lakini ipo. Ni wanawake wangapi wangeweza kufukuzwa kwa hesabu ya maharage iliyofanywa kwa haraka! Hivyo mwuguzi arudi kwanza kwa mtu wa maabara na kwa daktari, damu itolewe tena. Kufanya kazi pamoja kuna faida hii kubwa, kwamba kosa la mmoja laweza kusahihishwa na mwenzake kabla halijatoka mlangoni.

Na kama damu ya pili yaleta habari ile ile? Baba aingia, auliza: "Muganga, karatasi yangu yasema nini? Huyu mtoto ni wangu?"

Aambiwe lililo lake. "Baba, karatasi yako yasema kwamba wewe huna ugonjwa huu. Damu hii hatukuitoa ili kujua mtoto ni wa nani, na swali hilo hatulijibu hapa kwa mtu yeyote."

Maneno hayo ni ya kweli. Lakini mwanamume mwenye akili ataona kwamba mwuguzi amekwepa, na kule kukwepa kutamwambia yote. Pingamizi hili ni la haki. Ndiyo maana siku ya karatasi si siku ya kuanza kusema hivyo. Mwuguzi mwenye busara huyasema maneno hayo kwa kila baba na kila mama, siku ya kwanza, kabla sindano haijaguswa: twapima kwa ajili ya mtoto, damu yaweza kuonyesha mambo mengine, nasi hatuyasemi, kila mtu atapewa karatasi yake peke yake, asiyetaka kupimwa, mtoto wake atatibiwa vile vile. Akiisha kuyasema kwa wote, wenye siri na wasio na siri, kunyamaza kwake hakumshtaki mtu. Bali akinyamaza mbele ya huyu mmoja tu, kunyamaza kwake kumesema. Wauguzi wengi huruka sehemu hii kwa sababu watu wamejaa barazani, na ni wepesi kulaumiwa na wale ambao hawajawahi kupokea wagonjwa sitini kabla ya saa sita mchana.

Laini hata hivyo moyo wa msomaji waweza kubaki na uzito. Mwanamume huyu alea mtoto, alipa dawa. Je, hana haki ya kujua? Huenda anayo. Lakini mwenye deni hilo, kama deni lipo, ni mkewe. Mwuguzi si mdeni wake, naye hana ruhusa ya kulipa kwa mali ya mwingine. Liko lakini analoweza kufanya, nalo ni zito: kumwita mama peke yake, kumweleza kwa upole karatasi zake zasema nini na mume aweza kuja kufahamu nini, asishtushwe siku moja nyumbani bila kujitayarisha. Asimuulize habari za zamani. Akitaka kusema, amsikilize. Akitaka padri au mtu mwingine wa kumsindikiza, amtafutie. Akinyamaza, naye anyamaze.

Habari ya vijana wawili walio AS wanaotaka kuoana ni fupi kuliko hiyo. Kanisa haliuhesabu urithi huo kuwa kizuizi cha ndoa. Mwuguzi awaonyeshe vibuyu, ajibu maswali yao, waende wakaamue wenyewe.

Mtoto yule apewa dawa ya maumivu, apakatwa, alala. Mwuguzi aandika katika fishi siku ya kurudi, kisha amwomba mama kwamba safari hiyo bibi naye aje, kwani mchana yeye ndiye akaaye na mtoto. Bibi aja, uso ameukunja. Mwuguzi hamgombezi. Aushika mkono wake, auweka tumboni mwa mjukuu, chini ya mbavu za kushoto, pale ambapo wengu huweza kuvimba ghafula na kumaliza damu ya mtoto kwa saa chache. Huko Jamaika akina mama walifundishwa jambo hilo zamani, na watoto wengi wakaokoka. "Hapa, Mama," amwambia. "Uguse kila siku asubuhi. Ukikuta pamekuwa pagumu, usingoje mtu yeyote, mlete."