Aliyeondolewa kwa Maikrofoni

Andiko la juma: 2 Samweli 16:1-4 na 19:24-30

Waliokuwa ibadani Jumapili wanajua kwamba mahubiri haya niliyatoa nikiwa nimeshika mimbari kwa mikono miwili. Nimeyaandika tena hapa kwa ajili ya waliokuwa kazini, waliokuwa wamesafiri ushago, na mtu mmoja ambaye hajakanyaga kanisa letu kwa miaka minne. Labda kuna atakayempelekea nakala.

Naanza na kidimbwi cha kuogelea. Najua mnajiuliza, Mchungaji na kuogelea wapi na wapi? Mimi nimelelewa Makongeni; maji tuliyoyajua ni ya foleni ya mfereji. Wengi wetu huku Eastlands tukisikia kidimbwi cha kimataifa tunafikiria kile cha Kasarani, na hata hicho tumekiona kutoka nje. Lakini Kenya ina waogeleaji wake. Jason Dunford alifika fainali ya Olimpiki kule Beijing mwaka wa 2008 katika mita 100 mtindo wa kipepeo, akamaliza wa tano. Na Hamdan Bayusuf, kijana wa Mombasa, alituwakilisha Rio mwaka wa 2016 katika mita 100 za kuogelea chali.

Hii ya chali ndiyo ninayoitaka leo. Waogeleaji wengine wanaruka kutoka juu, lakini huyu wa chali anaanzia ndani ya maji, ameshikilia chuma ukutani, mgongo ameupa kule anakoenda. Ishara ya kuanza ikilia anajirusha kinyumenyume. Njia nzima anaangalia dari. Ukuta wa mwisho hauoni. Kuna bendera ndogondogo zimetundikwa kwenye kamba mita 5 kabla ya ukuta. Akiziona anajua amebakisha mapigo ya mikono ya kuhesabu, kisha anajitupa nyuma kwa nguvu zake zote, mkono mmoja mbele. Hata akiwa wa kwanza hajui, mpaka ageuke asome ubao.

Sasa twendeni Budapest, Hungaria, tarehe 25 Juni 2022, mashindano ya dunia. Fainali ya wanaume ya mita 50 chali. Ni urefu wa kidimbwi mara moja tu, hakuna kugeuka. Ukianza kusema Baba Yetu, hujafika amina wameshamaliza. (Na nyinyi mnaoikimbiza mbio mnajijua.) Justin Ress wa Marekani akagusa ukuta kwa sekunde 24.12. Mwenzake wa timu hiyohiyo, Hunter Armstrong, akagusa kwa 24.14. Sehemu mbili za mia za sekunde! Wa tatu alikuwa Ksawery Masiuk, kijana wa miaka 17 kutoka Poland.

Ress akageuka, akaona jina lake juu. Akafurahi kama mtu yeyote. Halafu likaja tangazo: Ress ametolewa. Kosa lake? Kwamba wakati anagusa ukuta mwili wake wote ulikuwa chini ya maji. Sheria ya wakati huo ilitaka angalau sehemu ya mwili iwe juu. Basi kila mtu akapanda ngazi moja. Armstrong akapewa dhahabu, Masiuk fedha, na Thomas Ceccon wa Italia aliyekuwa wa nne akajikuta na shaba.

Tumwache Ress hapo kando ya kidimbwi kwanza, tuone mtu mwingine aliyetolewa.

Daudi anamkimbia Absalomu. Amechoka, amelia, hajui nani rafiki nani adui. Njiani anakutana na Siba, mtumishi wa Mefiboshethi, na Siba amekuja na punda waliobebeshwa mikate 200, zabibu kavu, matunda na kiriba cha divai. Daudi anauliza, bwana wako yuko wapi? Siba anajibu kwamba amebaki Yerusalemu anangojea kurudishiwa ufalme wa babu yake. Na mfalme, palepale barabarani, mkate ukiwa mdomoni, anatoa hukumu: kila kitu cha Mefiboshethi ni chako.

Mefiboshethi hakuulizwa. Ni mtu asiyeweza kutembea, kilema wa miguu yote miwili, na punda wake ndio hao Siba amekuja nao. Mwana wa Yonathani, yule aliyevua joho lake akampa Daudi! Suleimani baadaye aliandika, Mithali 18:17, kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amhoji. Sijui kama alikuwa anamfikiria baba yake. Mimi ningekuwa yeye ningemfikiria.

Vita vikaisha, Daudi akarudi. Mefiboshethi akatelemka kumlaki, ndevu hazijakatwa, nguo hazijafuliwa tangu siku mfalme alipoondoka. Akaeleza yote. Na hapa ndipo ninapomkasirikia Daudi, Mungu anisamehe. Baada ya kusikia ukweli alimwambia, ya nini kusema zaidi, wewe na Siba mgawane mashamba. Mgawane! Alimnyang'anya yote kwa neno moja, akamrudishia nusu akiwa na haraka. Aliyedanganya akabaki na nusu. Mefiboshethi akasema Siba achukue yote, maadamu mfalme amerudi kwa amani. Wahubiri wengi tunalisifu neno hilo, na ni neno zuri. Lakini upole wa aliyedhulumiwa haumfanyi mfalme awe amehukumu vizuri.

Wapendwa, sasa nitoke Yerusalemu nije nyumbani.

Miaka minne iliyopita, pesa za vijana za kununua spika zilipotea. Shilingi 38,000. Mweka hazina wa vijana alikuwa kijana aliyekuwa anapiga kinanda. Jina lake silitaji kwa sababu lilishatajwa vya kutosha. Mzee mmoja alisema amemwona na simu mpya. Kijana akaomba siku mbili alete rekodi zake za M-Pesa. Tukasema siku mbili ni za kutengeneza uongo. Jumapili, baada ya matoleo, tukamsimamisha mbele ya kanisa lote, mama yake akiwa kiti cha tatu. Maikrofoni niliishika mimi. Siyo mzee, siyo shemasi. Mimi.

Baada ya miezi mitano risiti ikapatikana katika faili ya mkutano wa Pasaka. Pesa zile zilichukuliwa na mmoja wa wazee kulipia hema, hakuandika popote, akasahau. Tukamwita kijana ofisini, Jumanne, saa mbili usiku. Tulikuwa wanne pamoja naye. Tukaomba. Nikamwambia, "Kijana, mambo yameeleweka, yamekwisha." Akasema, "Asante, Pasta." Hakurudi tena.

Mama yake alibaki. Anauza sukuma na nyanya karibu na stage, na wengi wenu mnakula mboga zake. Mwezi jana, baada ya kesha ya Ijumaa, alinisubiri mlangoni mpaka watu wakaisha. Akaniuliza, "Mchungaji, mwanangu mlimwondoa kwa maikrofoni. Mbona mlimrudisha kwa kunong'ona?"

Nilikosa jibu. Nikamwambia tutaomba pamoja. Akaniangalia tu, akachukua kikapu chake.

Lakini hilo halikuwa lote. Wanakanisa wa zamani mnakumbuka tulikuwa na mfuko wa kumlipia kijana mmoja karo ya chuo kila mwaka. Mwaka ule jina lilikuwa limeshaandikwa, na lilikuwa la yule kijana. Tulipomtoa, nafasi ikaenda kwa aliyemfuata. Aliyemfuata alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Nilisimama hapahapa nikatoa ushuhuda, nikasema Mungu amefungua mlango. Mlisema amina. Leo ninajua ule mlango nani aliufungua, na nani alifungiwa nje.

Ni mtoto wangu huyo aliyenionyesha mbio za Budapest kwenye simu, tukiwa mezani, bila kuniambia sababu. Nikaona Ress akitolewa. Nikamwambia, haya, ni sheria. Akasema, "Ngoja, Baba, haijaisha."

Usiku uleule waamuzi walirudi kuangalia tena picha. Wakaona wamekosea, Ress hakuwa na kosa. Na sikilizeni: hawakumwita ofisini Jumanne usiku. Matokeo yalitangazwa upya, dunia nzima ikasoma: Ress wa kwanza, Armstrong wa pili, Masiuk wa tatu. Ceccon akabaki mikono mitupu, na simwonei wivu, maana yeye hakuomba apandishwe wala ashushwe. Sheria yenyewe ya kugusa ukuta ilibadilishwa mwaka uliofuata. Sasa mwogeleaji akifika mita 5 za mwisho anaruhusiwa kuwa chini ya maji.

Ila mtu wa hadithi hii kwangu ni Armstrong. Mwaka huo rekodi ya dunia ya mbio hizo, sekunde 23.71, ilikuwa yake. Angeweza kusema, mimi ndiye mwenye kasi kuliko wote, mlinipa wenyewe, mambo ya waamuzi nayajuaje? Hakuifurahia ile dhahabu hata alipokuwa nayo, kwa sababu alijua nani aligusa kwanza. Akaivua, akampa mwenzake. Mwaka uliofuata, Fukuoka kule Japani, alishinda mbio hizohizo kwa kugusa yeye kwanza, 24.05. Msinifanye niseme Mungu alikuwa anamlipa. Sijui hesabu za Mungu. Ninachojua ni kwamba aliirudisha kabla hajajua kama atapata nyingine.

Mtoto wangu akazima simu. Akasema, "Huyu alirudisha, Baba." Akaenda kulala.

Zakayo, Luka 19:8, hakungoja Yesu aondoke ndipo amnong'oneze mtu mlangoni. Alisimama, watu wakiwapo, akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Kwa hiyo Jumapili nilisimama nikaishika maikrofoni ileile. Nikasema kijana yule hakuiba. Nikasema tulimhukumu bila kumsikiliza, nikasema nani alikuwa anaongea siku ile. Kitabu cha mweka hazina kimesahihishwa, na ukurasa umebandikwa mlangoni kila mtu ausome. Karo iliyolipwa ilikuwa shilingi 62,000. Nitazirudisha zote, na nimeomba wazee waziweke kwa jina la mwenyewe. Mtoto wangu amesema atatoa nusu kutoka mshahara wake. Nilimkatalia. Akasema, "Baba, nilisoma mimi."

Wengine mmeniambia nimeabisha kanisa. Inawezekana. Siku tuliyomwaibisha yeye hakuna aliyekuja kuniambia hivyo.

Kijana sasa anachomelea vyuma huko Kariobangi Light Industries. Nimempigia mara tatu, hakuchukua. Mara ya nne alichukua, nikasikia mashine nyuma yake. Akasema, "Nimesikia, Pasta. Niko kazini." Akakata.

Alhamisi nitapanda matatu niende. Mama yake amesema nisiende na wazee, niende peke yangu, na nisianze kwa maombi.