MKUBWA WA KAZI NA KARAMA ZA WATU WAKE
(Somo: Kutoka 31:1-6)

Neno hili ni hasa kwenu mliopewa kusimamia wengine: kapita, mkubwa wa shule, mama kiongozi, mwenye duka, mkubwa wa dispanseri.

Mungu alipotaka hema lake lijengwe, hakumwambia Musa ashike patasi. Alimwita Bezaleli wa kabila la Yuda, akampa Oholiabu wa kabila la Dani amsaidie. Tazameni vizuri: Musa alikuwa Mlawi. Wana wa kaka yake Haruni walipewa ukuhani, lakini kazi ya dhahabu na mbao ilikwenda kwa watu wa kabila lingine, kwa sababu wao ndio walioiweza. Na tena Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu. Sisi tumezoea kumtafuta Roho kwa mhubiri na kwa mwenye kuona maono. Hapa yuko mikononi mwa fundi!

Tutazame na kanisa letu. Papa Simon Kimbangu alianza kazi Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Septemba ya mwaka ule alikamatwa, akafa kifungoni Élisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka ile yote Mama Marie Muilu aliwaongoza waamini kwa siri, na wakoloni hawakudhani mwanamke aweza kubeba mzigo huo. Baadaye wana wake watatu hawakuwekwa kwenye kazi moja. Papa Diangienda alishika uongozi wa kanisa, Papa Dialungana akalinda Nkamba, Papa Kisolokele akawa waziri katika serikali ya Lumumba mwaka 1960.

Wazee wa Kabalo waliofanya kazi ya reli wanalielewa neno hili upesi. Hapa njia ya Kalemie, ya Kongolo na ya Kamina zinakutana. Dereva hodari ukimkalisha ofisini ahesabu tiketi, na karani ukimpandisha kwenye mashine, umewapoteza wote wawili, na abiria pia.

Lakini sisi tunafanyaje? Binti anayejua hesabu kuliko sisi sote anapewa ufagio, kwa kuwa ni binti. Mpwa wa mkubwa anapewa ufunguo wa depo. Baba mwenye sauti nzuri ya kuhubiri, ambaye franga hazikai mkononi mwake, tunamkabidhi sanduku la sadaka kwa heshima. Hiyo si heshima, ni kumtegea mtego. Mwacheni ahubiri, sanduku alishike yule mama asiyependa kusema mengi.

Mtu asije akasema: karama yangu si kubeba mchanga. Mchanga tunabeba wote, na siku ya nsinsani hakuna mkubwa. Tunasema kila siku Upendo, Amri, Kazi; uvivu haumo.

Basi kabla ya kugawa kazi za parokia, kila kiongozi apite nyumba kwa nyumba na daftari. Amwulize mtu: mikono yako inajua nini? Ampe kazi ndogo, amwangalie, kisha amwache aifanye bila kumsimamia kichwani. Aanze na wale ambao hawajaitwa hata mara moja.