Dalali Yupi wa Sarafu?
Ndugu zetu Waislamu wa Olenguruone, vijana wanauliza: katika madalali wa sarafu wa mtandaoni, ni yupi bora? Tangu mwaka 2017 Kenya ina kanuni za biashara hii, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndiyo itoayo leseni. Asiye nayo msimkaribie. Lakini leseni ni kinga ya utapeli, haihalalishi riba. Na anayejinadi kuwa ameondoa riba ya usiku, mwulizeni: je, bado wanikopesha ili nifanye biashara kwako, nawe upate ada? Baraza la Fiqhi la Makka lilikataza muamala huo mwaka 2006. Mtume (S.A.W.) ameamrisha dhahabu na fedha zibadilishwe mkono kwa mkono, na noti zetu zimo katika hukumu hiyo. Jasho la majani chai na maziwa lina baraka, msilitupe. Wallahu aalam.