Kisiwani na Mlangoni Petu

Wasomaji wetu, wako watu waulizao: "Ikiwa Mungu yu kila mahali, kuna faida gani kwenda kuhiji kisiwani?" Swali hili si la upuzi, nalo lataka jibu.

Tangu zamani Wakristo wamezuru visiwa. Lindisfarne katika Uingereza, Aidan alikoanza kazi yake mwaka 635, wenye kuhiji huvuka mchangani kwa miguu bahari ikipwa. Ikijaa, njia hufungwa. Nasi wa Shinyanga na Geita tunacho kisiwa kilicho karibu zaidi. Atakaye kwenda Ukerewe hufika Mwanza, akapanda meli mpaka Nansio. Huko Ukerewe, Desemba 1877, waliuawa Shergold Smith na Thomas O'Neill, wamisionari wa C.M.S. Sababu yake yatupasa kuikumbuka. Songoro, mfanyabiashara asiye wa dini yao, aligombana na Lukonge, mtawala wa Ukerewe, akakimbilia kwao. Lukonge akadai atolewe, wakakataa kumtoa. Basi wakafa pamoja naye.

Udongo wa Ukerewe si mtakatifu kuliko udongo wa mashamba yetu. Lakini mwanadamu husahau upesi. Miguu ikichoka kwa ajili ya jambo, moyo hulishika. Hiyo ndiyo faida ya safari. Ila aendaye na ajue anakwenda kuwakumbuka watu gani: ni watu waliokataa kumtoa mkimbizi.

Maana katika nchi yetu hii wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine walishukiwa kwa macho mekundu tu, yaliyoumizwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi ya kuwapikia watoto wao. Je, bibi wa jirani akibisha usiku mlangoni petu, na nyuma yake watu wenye mapanga, tutamfungulia? Ama tutasema, "Hayo si mambo yetu"?

Huenda mtu akajibu: "Nikimficha, nitashukiwa na mimi." Ni kweli, wala hatuwezi kumwahidi usalama, Smith na O'Neill hawakuupata. Lakini nyumba moja ikifungua mlango huonekana. Nyumba kumi zikifungua, wenye mapanga hawajui waanzie wapi.

Basi, ndugu, asiye na nauli ya meli asihuzunike. Naye aliyerudi kutoka kisiwani asijisifu bado, mpaka atakapobishiwa hodi usiku.