Hija au Matembezi?



Hapa Kihesa, familia ikianza kuchanga nauli ya Namugongo kwa ajili ya Juni 3, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, hakosekani mtu wa jumuiya wa kuuliza: hiyo ni hija, au mnaenda kutembea? Anajua ndani ya basi kutakuwa na utani, mahindi ya kuchoma, picha pale mpakani Mutukula, na picha zingine Kayabwe kwenye mstari wa ikweta. Na kweli, tunakokwenda ndiko Karoli Lwanga alikochomwa moto mwaka 1886. Je, ni halali kwenda huko tukicheka?

Mimi nasema ndiyo. Soma Luka 2:41-52. Familia ya Nazareti ilisafiri na ndugu na jamaa, na wakati wa kurudi Maria na Yosefu walitembea kutwa nzima wakidhani mtoto yuko na wenzao. Watu walionuniana hawaachiani watoto hivyo. (Alibaki nyuma, najua. Lakini ona walivyoaminiana!)

Kinachonisumbua siyo kicheko. Ni bibi anayehangaika na ngazi za basi huku sisi tunapanga mkao wa picha. Ni shangazi anayekosa Misa kwa sababu amebaki kivulini na watoto wa wenzake. Hapo hata rozari ya kutoka Iringa mpaka Dodoma haitusaidii sana.

Basi mwaka huu, kabla hamjagombania viti vya dirishani, pangeni kwanza nani atampokea shangazi.