Sindano ya Paka

Kuna nyumba za Waswahili ughaibuni ambamo siku hugawanywa na sindano mbili. Saa moja asubuhi paka huitwa jikoni na kuwekewa chakula. Naye akiwa bado ameinamia sahani, ngozi ya ubavu wake huinuliwa kwa vidole viwili kama hema dogo, na insulini huingia humo kabla hajainua kichwa. Saa moja jioni mambo hujirudia. Mwenye nyumba hupanga zamu zake za kazi, ziara zake, na hata harusi za jamaa, kwa kuzizunguka nyakati hizo mbili.

Chukua mfano wa mwanamke mmoja mzaliwa wa Mombasa, anayefanya kazi ya kuwahudumia wazee mjini Leicester. Paka wake, dume aliyehasiwa mwenye umri wa miaka 11, alianza kunywa maji kupita kiasi, akawa anakojoa sana, na akakonda ilhali anakula kama mwenye njaa ya siku tatu. Daktari wa wanyama akampima na kulitamka neno ambalo mwanamke huyo alikuwa amelizoea tangu utotoni, kwa kuwa ndilo lililomsumbua babake: kisukari. Alipomsimulia mamake kwa simu, upande wa pili ulinyamaza kidogo, kisha likaja swali. “Mwanangu, insulini anapewa paka? Na huyu mtoto wa mlango wa pili, anayekwenda hospitali akaambiwa dawa imekwisha, yeye je?”

Swali hilo si la ushamba wala si la ukatili. Wanaolijibu kwa haraka, kwa kusema kwamba kila mtu ana haki ya kutumia fedha zake apendavyo, hawajajibu kitu. Wamesema tu kwamba hawataki kuulizwa. Na wanaosema kwamba paka ni mtoto wao wanamvunjia heshima mtoto wa mlango wa pili, na pengine wanamvunjia heshima paka pia, kwani paka ana hadhi yake bila ya kukopeshwa ya binadamu.

Mwanafalsafa wa Kiingereza Mary Midgley, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kinachohoji kwa nini wanyama wana thamani, alikataa kuiona huruma kama kitu kimiminika na adimu kinachopaswa kuwekewa akiba. Kwake huruma ni uwezo wa nafsi, na uwezo hukua kwa kutumiwa. Anayezoea kumtazama mnyama wake kwa makini hawi mzito wa kumtazama jirani. Hoja hii ni nzuri na ina ukweli mwingi ndani yake. Lakini mama wa Mombasa hakuulizia huruma. Aliulizia insulini, na fedha, tofauti na huruma, ni maji ya birika: yaliyomiminwa katika kikombe hiki hayamo tena katika kile. Chupa ya dawa, mabomba ya sindano, vipande vya kupimia damu na ada ya daktari vyote hulipwa kwa mshahara uleule unaotumwa nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Historia ya dawa yenyewe inalifanya swali liwe gumu zaidi. Mjini Toronto, mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best waliwatoa mbwa kongosho ili waugue kisukari, kisha wakajaribu kuwarejeshea uhai kwa dawa iliyokamuliwa kutoka kongosho za wanyama wengine. Januari 1922 dawa hiyo ilidungwa kwa mara ya kwanza katika mwili wa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Sindano ya kwanza haikumfaa. Ya pili, baada ya mkemia James Collip kuisafisha dawa, ndiyo iliyomrudisha kutoka ukingoni mwa kaburi. Kwa takriban miaka 60 iliyofuata, binadamu wenye kisukari waliishi kwa kongosho za ng’ombe na nguruwe.

Wapo wanaotoa hoja kwamba, kwa sababu hiyo, kumtibu mnyama ni kulipa deni. Hoja hii inavutia kuliko inavyoshawishi. Mbwa wa Toronto hawakumwachia paka wa Leicester urithi wowote, na deni lisilo na mdai wala mrithi ni istiari tu. Kilicho kizito zaidi katika historia ile ni bei. Wagunduzi walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki zao za ugunduzi, kila mmoja kwa dola moja, ili asitokee wa kuihodhi dawa. Ikiwa karne moja baadaye dawa hiyo inakosekana katika hospitali ya mtaa, ilhali familia nyingine ikiipata huihifadhi ndani ya chungu chenye maji kwa kukosa jokofu, basi imekwama mahali fulani njiani, na waliokwamisha wanaweza kutafutwa. Paka hamo miongoni mwao.

Hata hivyo, kumwondolea paka lawama si sawa na kuonyesha kwamba anadai kitu. Hapa ndipo msomaji Mswahili ana kumbukumbu ya karibu kuliko vitabu vya wanafalsafa wa Ulaya. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, yupo mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia hadi akafa: hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Wengi husimulia kisa hiki kama onyo dhidi ya ukatili, na ndivyo kilivyo. Lakini mpangilio wake ni wa kisheria kuliko wa kihisia. Mwanamke hakulaumiwa kwa kutompenda paka. Alikuwa na njia mbili za halali, kulisha au kuachilia, akaziba zote mbili. Wajibu wake ulianza pale alipofunga mlango.

Paka wa Leicester anaishi ghorofa ya tatu na hajakanyaga udongo tangu alipoletwa. Mlango umefungwa kwa nia njema, kwa sababu ya magari yaliyo chini. Ila mlango huo haumzuii kutoka tu. Unene, uzee, kuhasiwa na kukaa ndani bila mwendo ni miongoni mwa mambo yanayotambuliwa kuongeza uwezekano wa paka kuugua kisukari. Juu ya chakula kikavu chenye wanga mwingi wataalamu bado wanabishana, ingawa wakishapata mgonjwa wengi huagiza chakula chenye nyama nyingi na wanga kidogo. Wahenga waliosema kwamba paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya, walikuwa wakisema juu ya tabia za watu. Hawakujua kwamba walikuwa pia wakitoa ushauri wa lishe.

Kwa hiyo njia ya pili ya Hadithi, ya kuachilia, imezibwa na ugonjwa wenyewe. Kumfungulia mlango paka mwenye kisukari ni kumfukuza akafe polepole. Ni kweli kwamba Uingereza ipo njia ya tatu, ya kumwomba daktari amuue bila maumivu, na haifai kuizungumzia kwa dharau. Asiyemudu gharama, au ambaye paka wake hukimbilia chini ya kitanda kwa hofu kila aionapo sindano, huenda akaichagua na asiwe amekosea. Lakini anayemudu, na ambaye paka wake hata hageuki achomwapo, hawezi kuichagua kwa sababu ya usumbufu tu na bado akajiona ametimiza ahadi ya mlango.

Mtoto wa mlango wa pili naye anadai, na madai yake hayapungui hata chembe. Yanatoka kwenye chemchemi nyingine: ujirani, uhitaji, ubinadamu. Wajibu mmoja haufuti mwingine, na kosa la kawaida pande zote mbili ni kuutumia mmoja kama kisingizio cha kuukwepa mwingine. Mwenye paka husema ameshatumia nyingi mwezi huu. Mwenye kulaumu husema mwache paka, kumbe wala yeye hajawahi kumnunulia mtoto yule hata kipande kimoja cha kupimia. Fedha zikiwa hazitoshi, mtoto hutangulia. Hilo halihitaji falsafa. Lakini kabla ya kusema hazitoshi, mtu mkweli hukagua kwanza matumizi yake mengine, na mara nyingi hukuta kwamba kilichoshindana na mtoto muda wote huo hakikuwa paka.

Kuna jambo jingine ambalo mama wa Mombasa hakuliuliza, nalo linamhusu paka peke yake. Mgonjwa huyu hawezi kukubali wala kukataa, na hawezi kusema leo anajisikiaje. Badala ya maneno yake kuna tone la damu kutoka ukingoni mwa sikio. Paka mzima huwa na sukari ya karibu milimoli 4 hadi 8 kwa lita. Lakini hofu peke yake, kwa mfano ya safari ndani ya kikapu hadi kwa daktari, inaweza kumpandisha hadi zaidi ya 15 bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana kipimo cha nyumbani, kinachochukuliwa paka akiwa mahali pake pa kulala, husema kweli zaidi. Na ndiyo maana daktari hutahadharisha dozi isipandishwe kwa kuona namba moja kubwa. Sukari iliyo juu hudhuru kwa majuma. Iliyoshuka mno inaweza kuua kabla ya kulala.

Dozi yenyewe ni ndogo kiasi cha kutisha. Wengi huanzia yuniti moja au mbili. Insulini kadhaa za wanyama huwa na yuniti 40 katika kila mililita, ilhali nyingi za binadamu zina 100, na kila moja ina bomba lake la sindano. Atakayevuta dawa ya 100 kwa bomba la 40 atampa mnyama mara mbili na nusu ya alichokusudia, kwa mkono uleule uliojaa mapenzi.

Mapenzi, katika kazi hii, hupenda kuzidisha. Yule mwanamke wa Leicester hulijua hilo vizuri katika jioni ambazo paka hugeuka ghafla na sindano ikatoka upande wa pili wa ngozi. Manyoya yamelowa, lakini haijulikani yamelowa kwa kiasi gani: huenda dozi yote imemwagika, huenda nusu imeingia. Kila kitu ndani yake kinamtaka achukue bomba jingine. Agizo alilopewa ni kwamba akiwa na shaka asirudie. Basi huifunga sindano, huandika saa kwenye daftari lililo juu ya jokofu, na penye nafasi ya dozi huweka alama ya kuuliza. Kisha huketi sakafuni, mgongo ukutani, akimtazama paka akimalizia sahani yake na kujilamba ubavu uliolowa. Zimebaki saa 12.